Somo: Tengeneza ubao wa kuteleza mawimbini kwa mbao moja ya paini

Habari zenu wadau. Tangu niseme nateleza mawimbini Matema, kando ya Ziwa Nyasa, nimeulizwa sana ubao niliununua wapi. Sikuununua. Niliuunda kwa mbao ya Mafinga, na leo naweka hatua zote.

Mawimbi tunayo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini husukuma maji ya Ziwa Nyasa kwa urefu wa zaidi ya kilomita 500, na sisi wa ncha ya kaskazini ndio tunaopokea. Ni mafupi kuliko ya baharini na yanafuatana haraka, lakini yanabeba mtu. Watu wa Hawaii waliteleza karne nyingi kwa mbao nyembamba zisizo na pezi (kile kibao kidogo cha chini kinachoshika maji), wakiziita alaia. Ndiyo aina tunayounda hapa.

Kuchagua mbao. Omba inchi moja kwa nane (unene inchi moja, upana nane), urefu futi 12. Ishike ncha moja, fumba jicho moja, chungulia: ikipinda, iache. Vifundo vikubwa pia viache, ndipo inapovunjikia.

Kukausha. Hapa msiharakishe. Ubao wangu wa kwanza niliunda kwa mbao niliyoinunua wiki hiyohiyo. Siku ya pili majini maungio yakaachia, nikatoka na vipande viwili mkononi. Mzee mmoja mchonga mitumbwi alikuwa ameketi ufukweni. Akachukua kipande, akakinusa, akasema, "Mwanangu, mti huu haujafa bado." Akanipeleka kwake, akanionyesha mbao zake zilivyolala kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite. Nilikwenda kwa siku moja, nikakaa nne. Nilipoondoka nilikuwa najua kunoa randa, na mjukuu wake, ambaye ni mvuvi, alikuwa ameshaniahidi kwamba ubao ujao tutaujaribu pamoja. Kwa hiyo: kivulini, wiki tatu au zaidi, usianike juani maana itapasuka.

Kuunga. Kata vipande viwili vya futi sita. Piga randa kingo mpaka ukivibananisha na kuviinua juani mwanga usipite. Gundi nyeupe ya kawaida haifai majini. Tumia epoksi, ile gundi ya sehemu mbili za kuchanganya. Kama huna klampu, funga kwa mpira wa ndani wa tairi, uvute kwa nguvu. Acha usiku na mchana.

Kuchonga. Chora nusu ya umbo kwenye boksi, likate, lifuatishe kwenye ubao, kisha ligeuze uchore upande wa pili, zitalingana. Mbele mviringo, nyuma kata mstari ulionyooka. Katikati bakiza sentimita 2, pembeni punguza hadi 1. Kingo za juu zilainishe, ila za chini kwa nyuma ziache kali: pezi hakuna, hizo ndizo zinazoshika maji.

Kupaka. Msasa, kisha mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) mara tatu au nne, kila mara siku yake. Matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke. Ukiyakunjakunja pamoja yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Maswali

*Mdau wa Tukuyu:* Mkuu, nina kilo 85. Utanibeba?

Ukiwa umesimama tuli, hapana. Ubao huu ni kama lita 11, na paini ina karibu nusu ya uzito wa maji, kwa hiyo unainua kilo tano au sita tu. Kinachokubeba ni mwendo. Simama maji ya kiunoni, wimbi likikaribia jisukume mbele kwa miguu kutoka chini, lala juu ya ubao. Mimi nililala mwezi mzima kabla ya kusimama.

*Mdau wa Iringa:* Yale mapovu meupe ya kwenye maboksi ya televisheni je?

Yanafaa, na yanaelea zaidi. Ila yafunike kwa epoksi. Rezini ya poliesta itayayeyusha mbele ya macho yako.

*Mdau wa Mbeya mjini:* Mamba na kichocho?

Kaa mbali na midomo ya mito, hasa Lufilyo, na waulize wavuvi kila asubuhi kabla hujaingia. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Hata hivyo mimi hupima, na dawa ipo hospitalini.

*Mdau wa Njombe:* Kaka, mimi ni binti, sijui kuogelea na sina mtu wa kwenda naye. Niache tu?

Usiache, dada. Kuogelea kwanza, ubao baadaye, na kamwe usiingie peke yako. Mke wa yule mvuvi amejifunza mwaka huu na anatafuta mwenzake. Njoo Jumamosi, soko la vyungu vya Wakisi linakuwa Lyulilo na wote wanakuwepo. Kwa mzee kuna mbao moja chini ya upenu, imeshakauka, haina mwenyewe.