Kusoma jamii ya mimea ya msitu wa abiesi, Appalachia ya kusini

Abiesi wa milima hii ya mashariki mwa Marekani, Abies fraseri, ni mti ndugu wa msonobari. Kiasili humea kwenye vilele vya North Carolina, Tennessee na Virginia tu. Huko Great Smoky Mountains hutawala kuanzia kama mita 1,900. Chini ya hapo huchanganyika na pisea, Picea rubens. Wengi huutazama mti mrefu, wakaupa msitu jina, wakaondoka. Msitu husomwa tabaka kwa tabaka.

1. Pata kibali cha hifadhi. Chagua mahali penye mteremko wa namna moja, mbali na njia ya watalii.

2. Pima mraba wa mita 20 kwa 20. Vipimo ni vya usawa: kwenye mteremko wa digrii 20, tepu inayoshuka isome mita 21.3, la sivyo eneo linapungua. Mishazari miwili isipolingana, pembe zimepinda, rudia.

3. Shika kitawi. Jani la abiesi ni bapa, chini lina mistari miwili myeupe, na likidondoka huacha kovu la mviringo, laini. La pisea lina pande nne na linachoma. Kitawi chake kikipukutika hubaki na vijinundu vinavyokwaruza kidole. Koni za abiesi husimama wima na kupukutikia hukohuko juu, kwa hiyo usitegemee kuziokota zikiwa nzima.

4. Pima kipenyo cha miti kwenye kimo cha mita 1.37, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Iliyokufa wima iandikwe peke yake.

5. Kisha vichaka (Viburnum lantanoides, Vaccinium erythrocarpum), kangaga Dryopteris campyloptera, Oxalis montana yenye vijani vitatu vitatu, na zulia la kuvumwani Hylocomium splendens. Kila spishi ipe daraja kwa sehemu ya mraba inayoifunika: chini ya asilimia 1, 1–5, 5–25, 25–50, 50–75, zaidi ya 75. Asilimia 1 hapa ni mita 2 kwa 2. Itandazie tepu uione, maana mmea wenye maua hudanganya macho.

Maswali

Swali: Jumla yangu ya asilimia za spishi zote imefika 160. Nimekosea?
Jibu: Hapana. Matabaka hufunikana, kwa hiyo jumla huvuka 100.

Swali: Miti mikubwa imekufa, miche imesongamana. Bado ni msitu wa abiesi?
Jibu: Ndiyo, ila andika hatua uliyopo. Mdudu Adelges piceae, aliyetoka Ulaya, aligunduliwa Mount Mitchell, mlima wa North Carolina, mwaka 1957. Hufyonza gome, na mate yake huharibu mbao mpya hadi maji hayapandi vizuri. Hupenda gome lenye nyufa, ndiyo maana miche yenye gome laini hunusurika kwanza. Tafuta vidoa vyeupe kama pamba kwenye mashina. Pale mwanga ulipoingia, kichaka Rubus canadensis hujaa. Usiuhesabu uwazi huo kama jamii nyingine ya mimea.

Swali: Niende lini?
Jibu: Juni hadi Agosti. Beba penseli, ukungu wa kule hutawanya wino.