Namna ya Kusoma Uchumi na Sera za Umma Ukiwa Dodoma

Mwanafunzi anayeanza shahada ya uchumi au sera za umma mkoani Dodoma ana nafasi ambayo wengi wanaipita bila kuitumia, kwa kuwa Bunge, wizara zilizopo Mtumba, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na soko kubwa la nafaka la Kibaigwa viko ndani ya mkoa mmoja. Ushauri wangu mkuu ni kwamba uchague jambo moja la umma mapema, ulifuatilie hadi unapohitimu, na kila nadharia unayofundishwa uijaribu juu ya jambo hilo.

Hisabati haikwepeki. Aliyetoka kidato cha sita na mchepuo usio na hisabati kamili aanze kalkulasi na takwimu tangu wiki ya kwanza, kwa kukokotoa maswali kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kwenda kwenye kikundi cha majadiliano, maana kikundini mara nyingi mmoja ndiye anayekokotoa na wengine wananakili, kisha wote wanaondoka wakiamini wameelewa.

Tuseme umechagua mahindi ya Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na uamuzi wa aina hiyo unaweza kuupima kwa hesabu ndogo ya kubuni. Chukua bei kuwa P, mahitaji yote kuwa 100 − 2P, na mahindi yanayoletwa sokoni kuwa 20 + 2P. Bei ya kukubaliana, yaani pale mahitaji yanapolingana na mahindi yaliyoletwa, itakuwa 20, na kiasi kitakachouzwa 60. Sasa ondoa wanunuzi wa nje, ambao tuchukulie walikuwa wakinunua 20 kwa bei yoyote, ili mahitaji yabaki 80 − 2P. Bei inashuka hadi 15, kiasi kinakuwa 50, na mapato ya wakulima yanapungua kutoka 1,200 hadi 750, wakati walaji wa ndani wanaongeza manunuzi yao kutoka 40 hadi 50. Uchumi unakufikisha hapo. Somo la sera linaanza unapouliza ni nani aliyebeba gharama, kama mkulima huyo atalima eneo lilelile msimu ujao, na kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kununua mahindi kungeleta nafuu kwa walaji bila kumwumiza mzalishaji. Mwanafunzi anayeweza kufanya hesabu hiyo lakini hawezi kujibu maswali hayo amesoma nusu tu, na anayejibu kwa hisia bila hesabu ana upungufu uleule.

Kusoma nyaraka za Serikali nako kunahitaji mbinu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti hukaa kati ya Aprili na Juni, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni katika kipindi hichohicho. Chagua wizara moja, utengeneze jedwali la safu tatu: fedha iliyoidhinishwa, fedha iliyotolewa na fedha iliyotumika. Hotuba husisitiza safu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo inayofundisha kidogo kuliko zote, kwa sababu mradi hujengwa kwa fedha iliyofika. Kwa sera ya fedha, fuatilia taarifa za Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 inatumia riba yake kuongoza masoko badala ya kulenga kiasi cha fedha kama ilivyokuwa awali.

Ukikaribia kuandika utafiti wa mwisho, usichukue mada pana kama umaskini Tanzania. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mada inayobebeka: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata. Mtego wake ni kulinganisha kipato cha waliokopa na cha wasiokopa, kisha kusema tofauti yote imeletwa na mkopo, ilhali waliojikusanya wakaunda kikundi na kukisajili huenda walikuwa wachakarikaji tangu awali. Tafuta vikundi vilivyoomba vikakosa, au vilivyokuwa vikisubiri wakati wa usitishaji, ndipo ulinganisho wako utakuwa na uzito.

Barua ya utambulisho kutoka chuoni uiombe mapema, na maombi ya takwimu yafike halmashauri kabla ya Juni, kwa kuwa mwezi huo maofisa wa fedha wanafunga hesabu za mwaka na muda wa kumhudumia mwanafunzi huwa haba.