Umekanyaga msumari? Isaidie kinga ya mwili

Ngozi ndiyo ukuta wa kwanza. Msumari wa mbao za ujenzi ukishaitoboa, kazi inahamia kwa chembe nyeupe za damu. Zipunguzie mzigo: osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, dakika 5 hadi 10. Bomba limekauka, kama kawaida ya Dar? Mimina maji ya dumu kwa kikombe. Usiloweke mguu kwenye beseni. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa, hapana: vinaunguza nyama au kufungia uchafu ndani.

Wekundu, joto na uvimbe kidogo siku 2 za mwanzo ni kinga ikiwa kazini. Uvimbe ukizidi, mstari mwekundu ukipanda mguuni, au homa ikifika 38, wahi kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo; sukari nyingi hulegeza chembe nyeupe, na ganzi ya miguu humficha maumivu.

Pepopunda ni habari nyingine. Vijidudu vyake hupenda tundu jembamba lisilo na hewa, na sumu yake hushika neva. Kama chanjo yako ya mwisho ina miaka 5 au zaidi, kachome nyingine mapema, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.