Did, was, have au had? Kitenzi cha wakati uliopita kwa wanaotembeza wageni Mji Mkongwe

Nafundisha Kiingereza jioni, na wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotembeza wageni. Kupatana bei wanajua, kuchekesha wanajua. Wanapokwama ni kwenye vitenzi vya wakati uliopita, na kazi yao yote ni kusimulia yaliyopita. Majina ya vitabuni nimeyaweka kando. Maumbo nayaita kwa neno linalokuja unapouliza swali: umbo la did kama "built", la was kama "was building", la have kama "has built", na la had kama "had built".

Hatua ya 1: Tafuta "lini" kabla ya kutafuta kitenzi

Jiulize kama umetaja wakati tendo lilipotokea, na kama wakati huo umeshapita. Ukiona "yesterday", "last week", "in 1883", "two days ago", basi umbo ni la did, hakuna mjadala. "Sultan Barghash built the House of Wonders in 1883." "Part of it collapsed in December 2020." "The boat left ten minutes ago."

Umbali wa jambo haubadilishi kitu. Vijana wengi wanaamini kwamba had ni ya zamani sana, kwa hiyo wakifika Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, utawasikia: "The slave market had closed in 1873." Mgeni anabaki anasubiri sentensi iendelee, maana had humwahidi tukio jingine lililofuata. Sema tu "closed in 1873". Karne tatu nyuma au dakika tatu nyuma, ni did.

Hatua ya 2: Ichunge -me- yako

Hapa tukae kidogo. Skuli tulifundishwa kwamba -li- ni did na -me- ni have. Ingekuwa rahisi, lakini sisi Unguja tunasema "Jana nimekwenda Darajani" na hakuna anayegeuka kukutazama. Ipeleke vivyo hivyo kwenye Kiingereza, utasema "Yesterday I have gone to Darajani", na hapo umeshaharibu. Kiingereza hakikubali have ikae pamoja na "yesterday".

Dawa ninayowapa ni hii: ikanushe sentensi yako kwa Kiswahili, kimoyomoyo. "Jana nimekwenda Darajani" ukiikanusha unasema "Jana sikwenda Darajani". Husemi "Jana sijakwenda". Ukipata siku- (au sikw-, kama hapa), haku-, hawaku-, Kiingereza chake ni did: "I went to Darajani yesterday." Sasa chukua "Wageni wamekula?" Jibu la kukanusha ni "Hawajala". Ukipata sija-, haja- au hawaja-, ni have: "Have the guests eaten?" Mmarekani anaweza kukuuliza "Did you eat yet?" Usimsahihishe, kwao ni sawa, wewe endelea na have, itakubalika kwa wote.

Dawa hii ina mahali inaposhindwa, nayo ni vitenzi vya hali. Amelala, amesimama, amevaa, amekaa, nimechoka: hapa -me- inaeleza hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza hutumia wakati uliopo. "He is sleeping." "She is wearing a buibui." "I am tired." Ukimwambia mgeni "The driver has slept", ataelewa dereva ameshapata usingizi wake na yuko tayari kwa safari, kumbe jamaa bado anakoroma garini. Kwa hiyo vitenzi vya hali viondoe kwanza, ndipo ukanushe vilivyobaki.

Hatua ya 3: "Tangu" huleta have

Kwa Kiswahili tunasema "Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000", na ni sahihi kabisa. Kwa Kiingereza "is since 2000" ni kosa. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea linataka have: "Stone Town has been a World Heritage Site since 2000." Vivyo hivyo kwa kazi yako: "I have been a guide since 2015," madhali bado unaifanya.

"For" ndiyo yenye hila, kwa sababu hukubali pande zote mbili. "I worked in Nungwi for two years" maana yake umeshaacha. "I have worked in Nungwi for two years" maana yake bado uko huko. Na marehemu hapewi have kwa maisha yake. Freddie Mercury alizaliwa hapa mwaka 1946 na akafariki 1991, kwa hiyo ni "He lived in Zanzibar as a child". "He has lived" ni ya aliye hai.

Hatua ya 4: "Alikuwa aki-" ina milango miwili

"Majahazi yalikuwa yakija" inaweza kuwa siku moja ulipoyatazama baharini, au mazoea ya miaka na miaka. Kiingereza hutenganisha. Tukio moja lililokuwa likiendelea ni was au were: "The dhows were coming in when the rain started." Mazoea yaliyokwisha ni used to: "Dhows used to come from Arabia with the kaskazi wind." Baada ya used to kitenzi hubaki kitupu, "come", wala si "came". Na usiseme "I was knowing" au "I was wanting". Vitenzi vya kujua na kutaka havipendi -ing.

Hatua ya 5: Had ni ya tukio la nyuma ya tukio

Mfano mzuri tunao wenyewe, vita vya 1896. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akalishika kasri, na tarehe 27 asubuhi meli za Waingereza zikafyatua mizinga. Ukisimulia kwa mpangilio, did inatosha mwanzo hadi mwisho: "Hamad died, Khalid took the palace, and two days later the British opened fire." Had inahitajika unapoanzia katikati na kurudi nyuma: "When the British opened fire, Hamad had been dead for two days and Khalid had taken the palace." Ukiona Kiswahili chako kinasema "alikuwa ameshafanya", hapo ndipo pake. Kwingine iache.

Hatua ya 6: Did ikishaingia, kitenzi kinarudi utupu

"He didn't went" ni kosa, sema "He didn't go". Na "Did you saw?" iwe "Did you see?" Sina la kuongeza hapa, isipokuwa mazoezi.

Jipime

Geuza hizi: "Juzi nimempeleka mgeni Kizimbani." "Mzee amekaa barazani." "Wageni hawajalipa." "Boti ilipofika, tulikuwa tumeshafunga."

Majibu: "I took a guest to Kizimbani the day before yesterday", kwa sababu kukanusha kwake ni "sikumpeleka". "The old man is sitting on the baraza", ni hali. "The guests haven't paid yet", kwa hawaja- yake. Ya nne ni "When the boat arrived, we had already closed". Ukisema "When the boat arrived, we closed", mgeni ataelewa kwamba mliiona boti ndipo mkafunga, yaani mmemkimbia.