Breki za Diski Zinazolia au Kuvuta Upande: Kagua Pini za Kalipa Kabla ya Kununua Pedi

Mwenye gari akisikia breki za mbele zinalia, wazo la kwanza huwa ni kwenda dukani kununua pedi mpya. Mara nyingi huwa hajakosea, kwa sababu pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kikwaruze diski na kupiga kelele pedi inapokaribia kuisha. Lakini pedi ya ndani ikiisha huku ya nje ingali nene, au gari likivuta upande mmoja kila unapokanyaga breki, ishuku kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) kwanza, maana pedi mpya nazo zitaliwa vilevile. Mimi nilibadilisha pedi za gari langu mara mbili kabla mwaka haujaisha, ndipo nilipogundua kwamba pini moja ya kalipa ilikuwa imeganda kwa kutu.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, vuta hendibreki, kisha legeza nati za tairi kabla ya kupiga jeki. Jeki peke yake haitoshi. Weka stendi chini ya chesesi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, bali lilowanishwe na kupanguswa, kwa kuwa halifai kuvutwa puani.

Tairi likishatoka, tazama unene wa pedi. Pedi mpya huwa na takriban milimita 10 za kitu cha kusugua. Zikibaki 3, zibadilishe, na ubadilishe za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Diski nayo ina kipimo chake cha chini kabisa, ambacho kwa kawaida kimechongwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka chini ya hapo haifai tena, hata kama inang'aa.

Sasa fungua boliti ya chini ya kalipa, uinue kalipa juu, uchezeshe pini zote mbili kwa vidole. Katika magari mengi madogo kalipa ina pistoni upande wa ndani tu: pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini hizo ili kuivuta pedi ya nje. Pini isipoteleza, pedi ya ndani hubeba kazi peke yake. Ichomoe, isugue kwa msasa laini, ipake grisi maalumu ya breki (grisi ya kawaida huvimbisha mipira), na kama mpira wa kuzuia vumbi umepasuka, weka mwingine. Kwa magari ya pwani na yale yanayopita kwenye madimbwi wakati wa masika, mimi hulifanya jambo hili kila mwaka.

Pini zikiwa nzima, jaribu pistoni. Fungua kifuniko cha kikopo cha oili ya breki, kisha irudishe pistoni polepole kwa klampu, huku ukiangalia oili isifurike, kwa sababu hubabua rangi ya gari. Pistoni ikigoma, legeza kidogo nipeli ya kutolea upepo: ikirudi kwa urahisi baada ya hapo, huenda hozi ya mpira inayoleta oili imeziba kwa ndani, ikiendelea kugoma, pistoni yenyewe imeshika na kalipa inahitaji kufanyiwa matengenezo. Kalipa uliyoitoa usiiache ining'inie kwa hozi. Ifunge kwa waya.

Pedali inayobonyea kama sponji huonyesha kwamba kuna upepo ndani ya mfumo. Inayozama taratibu bila oili kuvuja popote hunifanya nishuku masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki unapokanyaga pedali), na hapo mimi humwita fundi. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 na la DOT 4 hunyonya unyevu, hivyo ibadilishwe takriban kila miaka miwili, tena kwa kutumia chupa ambayo haikuwa wazi.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari, kwa kuwa mara ya kwanza itakwenda hadi chini. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, uendeshe polepole mahali pasipo na watu, ukipunguza mwendo mara kadhaa bila kukanyaga kwa ghafla. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa: ile yenye joto kali kuliko mwenzake ndiyo ambayo kalipa yake bado inashika.