Kutegana maswali ya mpira barazani bila kugombana

Baraza letu liko Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Baada ya sala ya Isha, muuza kahawa akishatua dele lake na sinia ya kashata, sisi huanza kutegana maswali ya mpira. Mimi ndiye mwenye daftari. Maswali yote yanayotegwa nayaandika humo, na nimeona kwamba baraza likivunjika, mara nyingi kosa ni la swali wala si la mbishi.

Kwa hivyo, la kwanza, kaza swali lako. Usiku mmoja nilitega hivi: "Mkenya gani alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya?" Nilimkusudia Divock Origi, aliyeifungia Liverpool dakika ya 87 dhidi ya Tottenham mwaka 2019. Lo! Nusu ya baraza wakasema huyo ni Mbelgiji, kazaliwa huko na jezi ya huko ndiyo aliyovaa. Nusu wakasema babake, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, na damu ni damu. Kahawa ikapoa kwenye vifinjani, wawili wakaondoka bila kuaga. Kesho yake nikaliandika upya: "Fainali ya 2019, mwana wa mchezaji wa zamani wa Harambee Stars alifunga, na nahodha wa Harambee Stars yuko benchi la wapinzani. Wataje wote wawili." Wa pili ni Victor Wanyama. Swali hilo sasa halina mlango wa ugomvi, na ni tamu kuliko lile la kwanza.

Kisha tafuta swali lenye kisa ndani yake. Kuuliza "nani alichukua kombe mwaka fulani" ni kupima kumbukumbu tu. Ajuaye atajibu, asiyejua atanyamaza, basi. Tega hivi: "Mwaka 1987 Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi Afrika, na hawakushinda mechi hata moja kati ya zile mbili za fainali. Vipi?" Hapo hata asiyejua ataanza kukuna kichwa na kupiga hesabu. Mwache. Akikwama, mdokezee kwamba mechi ya kwanza ilikuwa Tunis dhidi ya Esperance. Jibu ni goli la ugenini: 2-2 kule, 1-1 Nairobi, na jumla zikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye aliyeshinda. Napenda kumtazama mtu anapolifikia mwenyewe. Uso wote humeremeta.

Simu zilazwe kifudifudi kando ya sinia. Hilo halina mjadala.

Mtazame pia unayemtegea. Vijana wetu wa Arsenal na Manchester United wanajua kila kitu cha Uingereza, lakini waulize klabu gani ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, utawaona wanatazamana. Ni Feisal. Swali hilo ni la Ami, mzee wetu, naye huligawa taratibu, kijana mmoja kwa usiku mmoja, kisha husimulia. Mtoto naye mpe la Bandari, timu yetu ya Mbaraki, au lile la Kenya kuifunga Tanzania 3-2 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2019: nani alifunga mawili? Olunga atamjua, na ataondoka amefurahi.

Kubadilishana kwenyewe tumekufanya kama vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", nasi "Tega!" Aliyeshindwa hutoa mji, na kwetu mji ni swali jipya la timu yake mwenyewe, alilete kesho likiwa na jibu alilolihakikisha. Hivyo daftari halikauki, na aliyeshindwa leo ndiye anayengojewa kesho.

Haya, kitendawili! Mwaka 2004, nchini Tunisia, Harambee Stars walipata ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, 3-0. Walimfunga nani? Ukishindwa, nipe mji.