Namna ya Kujitunza Unapolea Mtoto Mwenye ADHD: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Mzazi wa mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia, huwa amekwisha kutoa maagizo kumi kabla jua halijapanda: vaa shati, rudi ukaoge, kiatu cha pili kiko wapi, waache hao kuku, daftari umelisahau juu ya pipa la maji. Jioni, baada ya mwalimu kulalamika na jirani kusema kwamba mtoto huyu hasikii, mzazi huyo huyo hutakiwa awe mpole na mwenye subira, kwa kuwa mtoto anayeshindwa kujizuia hujifunza kutulia akiwa karibu na mtu mzima aliyetulia. Kwa sababu hiyo ninayahesabu mapumziko ya mlezi kuwa sehemu ya huduma ya mtoto, na ninashauri yapangiwe siku na saa kama inavyopangiwa dawa.

Tua kwanza mzigo wa lawama. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia, na makadirio mengi huonyesha kwamba huwapata takribani watoto 5 katika kila 100. Kwa sehemu kubwa hurithiwa katika ukoo. Hailetwi na pepo, wala na mwiko ambao mama aliuvunja akiwa mjamzito, wala na ulegevu wa malezi. Daktari huitambua kwa dalili zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, zilizodumu kwa miezi 6 au zaidi, na zinazoonekana katika mazingira zaidi ya mamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Waeleze hayo mume au mke wako, bibi wa mtoto na mwalimu wake, kwa maneno machache yale yale kila mara, kisha usikubali kuvutwa katika mabishano ya kila siku, maana kujitetea mbele ya kila jirani huchosha kuliko kazi yenyewe ya malezi.

Kwa kuwa hali hii hurithiwa, huenda wewe mwenyewe, au mwenzako, mna dalili zake. Mzazi anayesahau miadi, anayeanza kazi tano bila kumaliza hata moja na anayewaka haraka, asijihukumu kuwa mzembe. Amweleze daktari siku ile ile anayompeleka mtoto. Wapo watu wazima wengi waliojitambua kupitia watoto wao.

Linalofuata ni usingizi, na hapa naomba usome polepole. Watoto wengi wenye ADHD huchelewa kulala, na mama ndiye anayebaki macho nao, kisha huamka alfajiri kuwasha moto. Baada ya wiki chache za namna hiyo hakuna ushauri wa malezi unaoweza kufanya kazi, kwa sababu aliyekosa usingizi hukosa subira. Wekeni zamu: usiku mmoja baba ndiye anayeamka, usiku unaofuata ni mama, na aliye nje ya zamu alale chumba kingine au angalau upande wa ukuta. Televisheni na simu zizimwe saa moja kabla ya kulala, na mambo yafuatane kwa utaratibu usiobadilika, yaani kuoga, kula, hadithi fupi, taa. Ikiwa unalea peke yako, tafuta mchana mmoja au miwili kwa wiki ambapo utalala wakati mtoto yuko shuleni, na uache vyombo vikusubiri. Najua ni vigumu kuviacha.

Msaada wa ndugu nao huhitaji ufundi wa kuomba. Kusema “nimechoka, nisaidieni” huleta pole nyingi na msaada mdogo. Ombi lenye siku na saa ndilo hutimizwa. Kwetu, hasa katika koo za Kimakonde, Kimwera na Kimakua zinazofuata upande wa mama, mjomba ana sauti na wajibu juu ya mtoto, kwa hiyo ni haki kumwambia: “Mjomba, naomba kila Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, umchukue mwanao mwende naye shambani.” Kisha mpe maelekezo yasiyozidi matatu: ampe agizo moja kwa wakati mmoja akimtazama usoni, amsifu papo hapo anapolitekeleza, na asimwache peke yake karibu na bahari, kisima au barabara, kwa sababu mtoto huyu hukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Saa hizo nne zikipatikana, zisiishie kwenye kufua. Kaa barazani na shoga yako, tembea ufukweni Mikindani, nenda msikitini au kanisani, au lala.

Pangilia pia mwaka kwa jicho la msimu. Miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho na ile ya kuokota korosho, ambayo kwa wengi hufika kilele Oktoba na Novemba wakati joto nalo limepanda, ndiyo miezi ambayo mzazi huishiwa nguvu na mtoto hubaki bila mwangalizi. Zungumza na bibi au shangazi mapema, kabla kazi haijaanza. Fedha ya mnada wa korosho ikiingia, tenga nauli na gharama za hospitali kabla ya michango ya sherehe. Ngoma za jando na unyago, zinazopigwa hadi usiku wa manane wakati wa likizo, huvuruga usingizi wa mtoto na wa kwako kwa siku kadhaa. Ukiwa na mtoto wa kuchezwa, yaani kuingizwa jandoni au unyagoni, mwaka huo, waeleze walezi wake wa huko mapema kwamba hawezi kushika maagizo marefu kwa mara moja, ili asionekane mkaidi.

Hasira zitakuja hata kwa aliyejipanga. Unapohisi mkono unataka kuinuka, hakikisha mtoto yuko mahali salama, toka nje, kunywa maji, vuta pumzi na uitoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa, ndipo urudi. Fimbo haimfundishi umakini, na humwachia mzazi majuto yanayomla usiku. Ikiwa umekwisha kumfokea, mwombe radhi kwa sentensi moja; heshima yako haitapungua.

Chakula sina mengi ya kusema, ila usifanye mabaki ya sahani ya mtoto kuwa ndiyo mlo wako.

Kuna uchovu ambao mapumziko hayautoshi. Huzuni ya karibu siku nzima inayodumu wiki 2, kukosa hamu ya yale uliyoyapenda, kulia bila sababu au kutamani usiamke ni dalili zinazohitaji mtaalamu, na ukiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ulizia huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kwa walio Mtwara, na Hospitali ya Sokoine kwa walio Lindi. Safari ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ifanywe kwa rufaa ili usipoteze nauli. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husaidia familia zenye shida, na namba 116 hupokea bila malipo simu zinazohusu watoto.

Unapokwenda kliniki, beba daftari. Upande mmoja andika yanayomhusu mtoto: lini alitulia, lini alishindwa, mwalimu alisema nini. Upande wa pili andika saa ulizolala wewe katika kila usiku wa wiki hiyo, na umwombe daktari azisome pande zote mbili.